Leseni ya redio na ugonjwa wetu wa madesa

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp, sisi Watanzania wa huku Texas, kijana mmoja kauliza aanzie wapi kupata leseni ya redio ya ridhaa, ile ya watu binafsi kurusha na kuzungumza hewani kwa kujifurahisha, si biashara. Kauliza kwa adabu kabisa. Jibu la kwanza, kutoka kwa kaka mkubwa mmoja: "Kariri maswali tu mdogo wangu, wikiendi moja umemaliza." Dole gumba zikamiminika. Mimi nikaweka simu pembeni nisije nikatukana watu.

Nakubali, shingo upande: ukikariri unafaulu. Mtihani wa Technician, leseni ya ngazi ya kwanza hapa Marekani, una maswali 35, ukipata 26 umepita, na maswali yote yanayoweza kuulizwa yako wazi pamoja na majibu yake. Kwa sisi tuliovuka shule kwa madesa, hiyo ni Idi na Krismasi siku moja.

Halafu? Kuna jamaa alifaulu hivyo hivyo, akanunua Baofeng, redio ya mkononi ya bei poa, wiki nzima analalamika kauziwa redio mbovu. Anaita kwenye repita, kile kituo kinachopokea sauti yako na kuirusha tena mbali zaidi, hajibiwi na mtu. Nikaishika hiyo redio, nikafungua menyu: tofauti ya masafa ya kutuma na kupokea hajaweka, toni ya kuifungua repita hajaweka. Nikamuuliza, kwenye repita za bendi ya mita 2 hapa, kutuma na kupokea kwa kawaida hupishana kiasi gani? Akajibu papo hapo, kifua mbele: "Kilohezi 600!" Jibu analo kichwani, redio anayo mkononi, na viwili hivyo havijawahi kusalimiana.

Au chukua lile swali la antena: ya wima, robo wimbi, megahezi 146, ni inchi ngapi? 19. Mbadilishie masafa aliyekariri uone atakavyokutolea macho. Na hesabu yenyewe ni ya kidato cha pili jamani! 300 (kasi ya mwanga, mita milioni 300 kwa sekunde) gawanya kwa 146, unapata mita 2 na kidogo, huo ndio urefu wa wimbi. Gawanya kwa 4, sentimita 51. Punguza kama asilimia 5, kwa sababu waya halisi hujifanya mrefu kuliko ulivyo. Unabaki na sentimita 49, ndizo inchi 19 hizo.

Ukishaelewa hapo, hakuna wa kukuuzia antena ya bendi ya mita 10. Weka megahezi 28.4 badala ya 146, chukua nusu wimbi, toa asilimia zako 5: mita 5. Mbili na nusu kila upande, waya wa spika unatosha kabisa kuanzia. Na hapo sikuchagua hovyo: kati ya 28.300 na 28.500 ndipo Technician anaporuhusiwa kuongea kwa sauti kwenye masafa mafupi (HF), yale ya mawimbi yanayoweza kuvuka bahari. Jua likiwa na madoa mengi, tabaka la juu la anga linarudisha mawimbi hayo chini, na unaweza kusikia mtu anaanza kujitambulisha kwa 5H, herufi za vituo vya Tanzania. Nyumbani! Bila satelaiti, bila bando. Unataka kweli kufika hapo hujui kilichotokea?

Wakongwe wanasema leseni ni ruhusa ya kujifunza tu, utaelewa ukiwa hewani. Sawa. Wangapi wanarudi kujifunza wakishapata cheti?

Mengine hayana ugomvi. Si lazima uwe raia, ila uwe na anwani ya posta ya hapa Marekani. FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, wanataka dola 35, na wasimamizi wa mtihani wanaweza kukuomba kidogo juu yake. Leseni inadumu miaka 10. Mosi, zile alama za nukta na vistari, haimo tena kwenye mtihani wowote tangu 2007, kwa hiyo acheni kuwatisha watoto. Wa "si kuna WhatsApp" sina muda nao leo.

Ila jambo moja kaka mkubwa hakulisema: anwani utakayojaza inawekwa hadharani kwenye kumbukumbu za FCC, yeyote anaisoma. Kama hupendi wageni wa ghafla, kodi sanduku la posta kwanza.