Mwenye duka wa Hastings na mwenye mizani wa Tandika

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufunguo, ndoo na koleo lenye mkono mrefu. Koleo ni la kuokotea mabomba ya sindano mlangoni kabla wateja hawajaanza kuingia. Duka ni la mboga na vyakula vya makopo, jirani na East Hastings, Vancouver, na mwenyewe ni mama wa Kichina asiyechoka kulalamika: mkojo ukutani, soda zinazotoka kwenye friji bila kulipiwa, bei ya kioo kipya. Simlaumu. Mwaka jana kioo kimevunjwa mara tatu.

Ila chini ya kaunta, kando ya boksi la chenji, kuna kipochi cheusi cha naloksoni, dawa ya kumrudisha mtu aliyezidisha unga. Inatolewa bure kwenye maduka ya dawa. Siku moja kijana alianguka karibu na viazi, midomo imekuwa kama majivu. Mama aliyekuwa akimtukana wiki nzima ndiye aliyepiga magoti, akavunja kichupa, akavuta dawa, akamchoma pajani juu ya suruali. Kijana alipozinduka akanuna, starehe yake imeharibiwa. Mama akampa soda, kisha akaniambia niiandike kwenye daftari la madeni.

Mitaa michache kutoka hapo iko Insite, iliyofunguliwa Septemba 2003. Mtu anaingia na unga wake mwenyewe, anapewa sindano safi, anajidunga muuguzi akimwangalia. Serikali kuu ilitaka kuifunga, lakini mwaka 2011 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Kanada wakaikatalia. Mwaka huohuo jarida la Lancet likaonyesha kwamba vifo vya kuzidisha dawa ndani ya mita 500 kutoka pale vilishuka kwa asilimia 35, kwingineko jijini kama asilimia 9 tu. Fentanili, dawa ya maabara yenye nguvu kuliko heroini, imekuja kuharibu hesabu zote: mwaka 2023 jimbo zima la British Columbia lilizika watu zaidi ya 2,500 waliouawa na dawa, wengi wao walifia ndani, chumbani. Kwa hiyo sisemi Insite ni muujiza. Na wafanyabiashara ninaoongea nao hawaikatai, wanataka tu iwe mlangoni kwa mwingine. Kule Yaletown, mtaa wa migahawa ya wenye nazo, chumba kama hicho kilifunguliwa 2021, kelele zikapigwa, 2024 kikafungwa.

Nikipiga simu nyumbani Temeke, kaka zangu wanacheka. "Yaani serikali inawatafutia mateja chumba cha kudungia?" Halafu nasomewa somo la maadili.

Nawauliza: ule mfuniko wa chemba uliopotea barabarani kwetu aliununua nani? Teja anafika kwa mwenye mizani ya vyuma chakavu alfajiri, kiroba mgongoni. Haulizwi alikoutoa. Anapimiwa kwa bei ya kutupa, maana arosto imemshika na hawezi kubishana. Mama ntilie anamchotesha maji, kondakta anampa jero apige debe. Mchana ni kibarua wetu, tena wa bei rahisi. Usiku akikutwa na simu ya mtu yanatafutwa matairi. Nilikuwa kijana nilipomwona mwenye duka akitoa chupa ya mafuta ya taa. Yeye hakuandika kwenye daftari.

Tandika hatuhitaji kuiga Insite kesho asubuhi. Methadoni, dawa ya kunywa inayozuia arosto, tunayo, ilianzia Muhimbili Februari 2011, ikafika Mwananyamala na Temeke. Mtu anakwenda kila siku, anainywa mbele ya muuguzi, halafu anarudi mtaani ambako hakuna anayemtaka dukani kwake. Rafiki yangu wa utotoni ni mmojawao. Kazi tatu zimemshinda kwa sababu ya kuchelewa, hadi fundi gereji mmoja alipomwambia awe anaingia saa nne, akishakunywa dawa. Majirani wanamwambia fundi anafuga mwizi. Mara ya mwisho kuongea na fundi, alikuwa amehesabu spana zake zote na zimetimia, isipokuwa namba kumi na tatu, ambayo aliipoteza mwenyewe.