Msiisahau filamu ya Rikugun ya 1944

Makala ninayoijibu hapa inadai kwamba filamu za vita za Japani kabla ya 1945 ni propaganda tupu. Kwa nyingi ni kweli, ila Rikugun (yaani "Jeshi") ya mwongozaji Keisuke Kinoshita ingetajwa. Ilitengenezwa na studio ya Shochiku kwa baraka za jeshi lenyewe, ikafuata vizazi vitatu vya familia moja, na sehemu kubwa ni hotuba za uzalendo, nyingine za kuchosha kwelikweli.

Kisha zinakuja zile dakika za mwisho. Mwigizaji Kinuyo Tanaka, anayecheza mama wa askari, yuko nyumbani peke yake akinong'ona maneno ya amri ya mfalme kwa wanajeshi. Anasikia tarumbeta, anatoka mbio. Kamera inamfuata akipenya umati, akimsaka mwanawe kwenye safu zinazopita. Mazungumzo karibu hayapo, na hapo ndipo ujanja ulipo: mkaguzi wa serikali aliyesoma mswada wa filamu angeona tu mama anayemsindikiza mwana. Uso wa Tanaka unasema mengine kabisa. Jeshi lilikasirika, na Kinoshita hakuongoza filamu nyingine hadi vita vilipokwisha.

Msitazame kipande hicho peke yake mtandaoni. Bila kumwona kwanza akiwa mama mkali anayemkaza mtoto mwoga awe askari, mbio zile zinapoteza nusu ya uzito. Filamu ipo kwenye seti ya diski ya kampuni ya Criterion yenye filamu tano za Kinoshita. Picha yake ni ya 4:3, yaani karibu mraba, kwa hiyo zimeni mpangilio wa televisheni unaotanua picha; ikitanuliwa, nyuso zinaharibika.