Mama Mkwe, Ukurasa wa 96

Kila mwaka ikifika tarehe 30 Desemba nashikwa na homa ya mipango. Miezi kumi na miwili naishi kwa neema ya Mungu na mkopo wa dukani kwa Mangi, lakini siku mbili za mwisho nageuka waziri. Na kwa kuwa kazi yangu ni kuhariri vitabu, mipango yangu hupendeza kuliko maisha yenyewe: ina namba, ina vichwa vidogo, na kila mkato umekaa mahali pake.

Desemba ya 2023 ilinikuta ofisini Kariakoo, joto lile la Dar la kugandisha shati mgongoni, nasoma prufu ya mwisho, yaani nakala ya kusahihisha kabla ya kuchapa, ya kitabu cha ufugaji wa kuku wa kienyeji. Mwandishi ni daktari mstaafu wa mifugo, mzee anayewajua kuku kuliko wanavyojijua wenyewe, ila tarakimu humpiga chenga. Ukurasa wa 31 aliandika kwamba kuku huatamia siku 12. Nikakata kwa kalamu nyekundu, nikaandika 21, nikajipongeza kwa chai ya pili. Hebu mfikirie mfugaji wa watu: siku ya 13 anangoja vifaranga, siku ya 14 anawasha jiko akaange.

Sasa inabidi nieleze ufundi kidogo, maana ndio ulionimaliza. Kitabu kile kilikuwa cha pini, kama daftari la shule: karatasi zinakunjwa katikati, zinaingizwa moja ndani ya nyingine, zinapigwa pini mgongoni. Na kiwandani walikuwa wanachapa kurasa 16 kwa mkupuo. Kitabu chetu kiliishia ukurasa wa 94. Kumi na sita mara sita ni 96. Zikabaki kurasa mbili nyeupe mwishoni, na bosi wetu ni mtu anayeumwa kichwa akiona karatasi tupu aliyoilipia.

“Jazeni kitu cha manufaa,” alisema, akaenda zake likizo.

Usiku ukaingia. Wenzangu wote wameondoka, feni inalia kama mgonjwa, mbele yangu kurasa mbili nyeupe pe, kalamu nyekundu mkononi, na daftari langu la mipango nimelisahau nyumbani. Nikasema ngoja niandikie hapahapa, asubuhi nitachana.

Ukurasa wa 95 nikaweka mipango ya kazi. Nisipokee muswada wowote unaoletwa kwa maneno “ni mfupi tu, usome leo”. Ninunue kamusi mpya, hii ya sasa imenyofoka inaanzia “beberu”. Nimalize riwaya yangu, iko ukurasa wa 11 tangu 2014. Niombe nyongeza ya mshahara. Bosi akileta ngonjera zake za hali ya soko, nihame kabla ya Juni.

Ukurasa wa 96, mipango binafsi. Kupunguza wali usiku. Kutembea nusu saa kila alfajiri kabla jua halijawa kali. Kuacha bia siku za kazi. Kumlipa Mangi. Na ya mwisho niliyoipigia mstari mara mbili: mama mkwe akija, asizidi wiki mbili.

Nikajisikia mwepesi. Nikaenda kulala.

Kuna jambo sijalisema. Miezi michache nyuma nilimgombeza msanifu wetu wa kurasa, kijana tunayemwita Dogo, kwa kuruka masahihisho yangu mawili. Nilimwambia mbele ya watu: “Dogo, kilichoandikwa kwa wino mwekundu hakijadiliwi. Unaingiza kama kilivyo.” Ni kijana msikivu sana yule.

Asubuhi nilikuwa na basi la Muheza, tunakwenda kula mwaka mpya ukweni. Prufu nikaiacha mezani kwa Dogo mbiombio, hata neno la kuchana halikunijia. Niko Stendi ya Magufuli nagombana na wapiga debe, simu ikaita ujumbe: “Bro, nimeingiza zote. Zile kurasa mbili za mwisho umezipatia, nimecheka sana.” Nikadhani ni utani wa vijana. Faili lilikuwa kubwa, bando dogo; likafunguka jalada tu. Jogoo amesimama vizuri, jina la daktari halina kosa. Nikajibu: “Safi. Choma pleti,” yaani kitabu kiende kuchapwa.

Wiki ya pili ya Januari nakala elfu moja zikashushwa ofisini. Mimi kitabu kipya huwa sikisomi, nakinusa. Nikanusa, nikaridhika, hamsini zikapandishwa basi siku hiyohiyo kwenda kwa wakala wetu Singida, huko kwenye kuku wenyewe. Mke wangu alipitia ofisini mchana, akachukua nakala moja. Sikumuuliza ya nini.

Kesho yake asubuhi simu ya ofisi ikaita.

“Samahani kiongozi, naongea na mhariri wa kitabu cha kuku? Kitabu chenu kizuri mno. Chanjo ya kideri kila miezi mitatu nimeelewa, banda nimeelewa. Nina maswali ya ukurasa wa 96.”

“Ukurasa wa 94 ndio wa mwisho, mzee wangu.”

“Hapana, 96. Mnasema tupunguze wali usiku. Sasa kuku wangu wanakula pumba, wali hawajawahi kuuona. Nianze kuwapa ndipo nipunguze?”

Mate yakanikauka. Nikavuta nakala iliyokuwa karibu, nikafungua mwisho. Dogo alikuwa amefanya kazi ya kuajiriwa mara mbili. Juu, kwa herufi nene: MIPANGO YA MFUGAJI KWA MWAKA MPYA. Kila mpango umewekewa kinyota, na pembeni ya “kupunguza wali usiku” amechora mtetea ameshika sinia.

“Halafu hili la mama mkwe,” mzee akaendelea, nasikia anavyofunua kurasa. “Asizidi wiki mbili. Huyo mama mkwe ni mbegu gani? Maana kuchi ninao, huyu sijawahi kumsikia.”

Nilimwambia tutamtumia ufafanuzi. Kabla sijakaa, akapiga daktari mwenyewe. “Kijana, naona mmeniongezea sura. Hiyo ya kuacha bia siku za kazi mimi sikuiandika, lakini kitaalamu siwezi kuipinga.”

Jioni, wenzangu walipoondoka, mimi na Dogo tukajifungia na nyembe. Mpango ulikuwa rahisi: kata karatasi yenye kurasa 95 na 96, tupa, funga mdomo. Nakala ya kwanza nikakata vizuri kabisa, wembe unateleza. Nikakitikisa kitabu kidogo kuona kama kimekaa. Ukurasa wa kwanza ukadondoka sakafuni.

Tukatazamana. Nikakata ya pili taratibu zaidi. Ukurasa wa kwanza ukadondoka. Ilinichukua nakala saba na miaka kumi na mitano ya uzoefu kukumbuka kwamba katika kitabu cha pini karatasi ya nje kabisa ni moja, imekunjwa: upande huu ina ukurasa wa 1 na wa 2, upande ule 95 na 96. Ukiukata mkia, kichwa kinaanguka. Na ukurasa wa 2 ndio wenye haki za uchapishaji pamoja na jina la mhariri. Yaani kitabu kilikuwa kinaniambia wazi: ukiondoa aibu yako, na jina lako linaondoka.

“Tugandishe,” akasema Dogo. Ukurasa wa mwisho ukigandishwa kwenye jalada kwa ndani, 96 inazikwa. Tukatafuta gundi na brashi ya rangi, tukagandisha nakala mia tisa na arobaini na ushee mpaka saa saba usiku, vidole vimeshikana kama miguu ya bata. 96 ilizikwa. Ukurasa wa 95 ukabaki wazi unaniangalia, nikajipa moyo kwamba hakuna mtu anayeanza kusoma kitabu kwa nyuma.

Nyumbani nilikuta mke wangu bado macho. Akanipakulia. Sahani kubwa, maharage ya kutosha, na katikati wali wa kijiko kimoja, umekaa kama chumvi.

“Mama watoto, ndiyo nini hii?”

“Si umepanga mwenyewe?”

“Nimepanga wapi?”

“Ukurasa wa 96.”

Nikaweka kijiko chini. “Kile kitabu kiko wapi?”

“Nilimpa kondakta wa Muheza. Si mama alikuuliza mwaka mpya, ukamwambia utampelekea? Ametotolesha juzi, anakisubiri.”

Mkwe wangu ni mwalimu mstaafu. Huyu si mtu wa kusoma jalada na kurudisha kabatini. Husoma mpaka bei.

Bosi alirudi likizo tarehe 15. Nilikuwa nimesahau kwamba yeye ana tabia moja: kila kitabu kikitoka, anaanzia nyuma, ahakikishe hakuna karatasi iliyobaki tupu. Aliniita. Kitabu kimefunguliwa mezani, kidole kiko kwenye mstari wa nne.

“Hali ya soko,” akasema taratibu, “iko palepale.”

Nikanyamaza.

“Ila hilo neno ngonjera umelitumia vizuri.” Akafunga kitabu. “Gundi nitakata kwenye mshahara.”

Ukweni kulikuwa kimya. Wiki ikapita, hakuna simu, hakuna salamu za watoto. Nikaanza kupumua. Labda kondakta alikiuza. Labda kuku wamekidonoa. Nilifikia hatua ya kumshukuru Mungu kwa wizi wa mabasini.

Jumamosi moja alfajiri nimevaa raba, nataka kuanza ile nusu saa ya kutembea, simu ikaita.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Hamjambo? Niko Mbezi hapa, stendi. Njoo unipokee, nina mizigo.”

“Karibu sana, mama! Mizigo gani?”

“Begi langu, na jogoo. Na kile kitabu chenu nimekileta. Kuna kosa mwishoni huko, ‘asizidi wiki mbili’. Mtu hazidi, mwanangu, siku ndizo zinazozidi. Nimekusahihishia, kwa wino mwekundu, kama ninyi wenyewe mnavyofanya.”

“Asante, mama.”

“Basi usiwe na wasiwasi, wiki mbili nimezihesabu vizuri. Zikiisha nitakaa kusubiri toleo la pili, nione linasemaje.”