Lita ya Mombasa na lita ya Nairobi: je, pampu za petroli zisahihishe joto?

Tuchukulie lori lililopakia lita 35,000 za petroli jijini Dar es Salaam, mafuta yakiwa na joto la nyuzi 30 za Selsiasi, likapanda hadi Njombe na kumimina mzigo wote katika tangi la kituo. Lakiri zake hazijaguswa. Siku mbili tatu baadaye, mafuta yakiwa yamepoa ardhini hadi nyuzi 20, mhudumu anafungua mfuniko, anateremsha fimbo ya kupimia mpaka iguse chini, anaivuta na kusoma alama pale unyevu ulipoishia, kisha anatazama jedwali la tangi. Hata baada ya kujumlisha zilizouzwa, zinakosekana lita 330 na ushei. Wa kwanza kushukiwa ni dereva, ilhali hakuna aliyeiba hata tone.

Hesabu yake si ngumu. Katika thamodinamiki, kizidishi cha mtanuko wa ujazo hueleza ni sehemu gani ya ujazo huongezeka kwa kila nyuzi moja ya joto, shinikizo likiwa halibadiliki. Kwa petroli ni takriban 0.00095, kwa dizeli takriban 0.00083, na kwa maji ya nyuzi 20 ni 0.00021 tu, ndiyo maana aliyezoea kupima maji huona jambo hili kama porojo. Ukizidisha lita 35,000 kwa 0.00095, kisha kwa nyuzi 10, unapata lita 332.5. Anayetaka usahihi zaidi atatumia kipeo badala ya kuzidisha moja kwa moja, naye atapata lita 331 hivi. Tofauti ya lita moja na nusu haitoshi kugombania. Chuma cha tangi nacho hutanuka, lakini kwa takriban 0.000036 tu ya ujazo kwa kila nyuzi, yaani chini ya sehemu moja kwa ishirini ya mtanuko wa petroli yenyewe.

Hapo ndipo hoja ya wanaotaka pampu zisahihishe joto, yaani zihesabu lita kana kwamba mafuta yote yako kwenye joto moja lililokubaliwa, inapoanzia, na ina uzito. Mapendekezo ya R 117 ya Shirika la Kimataifa la Vipimo vya Kisheria huruhusu pampu ya kituo ikosee kwa asilimia 0.5 kwenda juu au chini. Lakini nyuzi sita tu za joto zinatosha kubadili ujazo wa petroli kwa zaidi ya kiwango hicho. Pampu inaweza kukaguliwa, ikapigwa muhuri na kutoa lita kamili, na bado kilichomo ndani ya lita hiyo, yaani tungamo la mafuta na nguvu yake ya kuendesha injini, kikatofautiana baina ya mji na mji kuliko kosa ambalo lingeifanya pampu ifungwe. Serikali yenyewe imelitambua jambo hili pale inapokusanya chake: Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya Kenya ya mwaka 2015 hutoza mafuta kwa kila lita 1,000 zikihesabiwa kwenye nyuzi 20. Mtoza ushuru ana lita isiyoyumba. Mwananchi ana lita ya hali ya hewa.

Joto la ardhi kwenye kina cha tangi hukaribia wastani wa joto la hewa la mwaka mzima, nao wastani huo Nairobi ni kama nyuzi 19 na Mombasa unakaribia 27. Kwa hiyo lita ya Nairobi inakaribiana sana na lita ya mtoza ushuru, wakati lita ya Mombasa imepungukiwa na karibu asilimia 0.67 ya tungamo. Kwa bei ya kudhania ya shilingi 180, hiyo ni shilingi 1.20 kwa kila lita. Bei ya kikomo ya Mombasa huwa chini kuliko ya Nairobi kwa sababu ya gharama za usafirishaji, kwa hiyo sehemu ya unafuu huo humezwa na joto kimyakimya.

Upande wa pili nao una hoja, na baadhi yake ni nzuri kuliko inavyodhaniwa. Kwanza, ushauri unaosambazwa kila siku kwenye simu kwamba tujaze mafuta alfajiri hauna msingi mkubwa. Mabadiliko ya joto ya usiku na mchana hufifia hadi theluthi moja kwenye kina cha sentimita 12 hivi za udongo, na kwenye kina cha mita moja hayaonekani kabisa. Tangi la lita 20,000 za petroli, nalo, linahitaji nishati ya megajuli zipatazo 33 ili lipande nyuzi moja. Linaloweza kulipasha kwa haraka ni lori jipya lenye mafuta ya moto, si jua la saa saba.

Hata pampu yenyewe haina hatia. Ikisukuma kwa shinikizo la kilopaskali 200 na ufanisi wa nusu, nishati inayopotea ndani yake huongeza joto la petroli kwa nyuzi 0.12 tu, ambayo kwa lita 40 ni mililita 5. Mahali pekee ambapo mtanuko katika mfumo wa pampu unastahili kuogopwa ni kwenye bomba lililofungwa pande zote mbili likiwa limejaa mafuta: hapo ujazo hauna pa kwenda, na shinikizo hupanda kwa takriban megapaskali moja kwa kila nyuzi. Hilo ni suala la vali za usalama, si la bei.

Pili, ni gharama. Tume ya Nishati ya California ilichunguza suala hili na mwaka 2009 ikahitimisha kwamba gharama za vifaa vya kusahihisha joto zingezidi manufaa kwa mnunuzi, kwa kuwa lita ikiwa nzito zaidi muuzaji angepandisha bei. Hoja hiyo ni sahihi kwa soko huria. Kwetu haikai vizuri hivyo, kwa sababu wadhibiti wa nishati, EPRA ya Kenya na EWURA ya Tanzania, hupanga bei ya kikomo kila mwezi, na kikomo hakijirekebishi chenyewe kwa kufuata joto la Mombasa au ubaridi wa Njombe. Halafu kuna Kanada, ambako pampu nyingi husahihisha hadi nyuzi 15 kwa hiari ya wauzaji. Katika nchi ya baridi usahihisho humfaidi muuzaji, na wakosoaji hawakukosa kuuliza kwa nini hiari hiyo haikuonekana kwenye majimbo ya joto ya Marekani.

Kwa maoni yangu, kuwekea kila pampu kifaa cha kusahihisha ni kutibu mahali pasipouma sana. Anayejaza lita 40 Mombasa hupoteza robo lita. Bodaboda anayenunua lita mbili hupoteza mililita 13. Tofauti hiyo ya mji na mji inaweza kuingizwa kwenye kanuni ya bei bila kugusa pampu hata moja. Panapouma ni kwenye makabidhiano ya lori na kituo, ambako hesabu isiyofanywa hugeuka kuwa tuhuma ya wizi na kukatwa mshahara. Hapo hakihitajiki kifaa cha bei kubwa: kipimajoto kinachoteremshwa hadi katikati ya kina cha mafuta, haidromita ya kupima densiti, na jedwali la kubadilisha ujazo ambalo maghala makubwa hulitumia kila siku. Karatasi ya lori lile ingesomeka lita 34,668 hivi za nyuzi 20 tangu getini Dar es Salaam, na fimbo ya mhudumu kule Njombe ingeonyesha zilezile.