Kifaa kinachosoma ubongo bado kinamhitaji daktari

Nashukuru kwa makala hii kuhusu vifaa vya kuchochea ubongo kwa umeme vinavyojirekebisha vyenyewe kwa wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemeko na kukakamaa kwa misuli, ila kuna jambo limepitwa haraka mno: kifaa hicho hakisomi kila dalili, na bado kinamhitaji daktari. Tangu Alim-Louis Benabid na wenzake walipoanza kutumia mapigo ya umeme ya kasi kubwa huko Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987, kwa kawaida kifaa kimekuwa kikitoa umeme wa kiwango kilekile usiku na mchana, ilhali hali ya mgonjwa hubadilika kufuatana na dawa ya levodopa (inayotuliza dalili), usingizi na uchovu. Kiwango kinachomfaa alfajiri, kabla dawa haijafanya kazi, baadaye kinaweza kumletea miondoko asiyoitaka au kumfanya atamke maneno kwa shida. Mfumo mpya, kupitia elektrodi zilezile, yaani nyaya nyembamba zilizopandikizwa ubongoni, husoma mawimbi ya umeme wa ubongo yaitwayo beta, ya takriban hezi 13 hadi 30 (mizunguko kwa sekunde), ambayo huwa na nguvu zaidi misuli inapokakamaa na mwendo kuwa mzito, kisha huongeza au kupunguza umeme.

Hata hivyo, mawimbi hayo hayapimi kila dalili. Mtetemeko, hasa, haufuatani nayo kwa uhakika, na hata kunyanyua mkono tu huyashusha. Mgonjwa ambaye shida yake kubwa ni kutetemeka anastahili kuelezwa hivyo waziwazi kabla hajakubali, na aambiwe pia kwamba ni daktari atakayeweka mipaka ya juu na ya chini ya umeme, kazi inayoweza kuhitaji kurudi kliniki mara kadhaa.