Hati ina jina la nani?

Kila Machi 8 tunashona vitenge vya sare, tunasikiliza hotuba, tunapiga picha. Sina ugomvi na sare, na yangu ninayo. Ila mtu akiniambia mwanamke fulani amewezeshwa, huwa nauliza kitu kimoja cha kichokozi: shamba analolima, hati ina jina la nani?

Nimefika hapo kwa sababu ya kesi ya Holaria Pastory wa Muleba, Kagera. Baba yake alimwachia shamba kwa wosia. Uzeeni, akiwa hana wa kumtunza, Agosti 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Bernardo Ephrahim, ambaye Holaria ni shangazi yake, akaenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha: kwa mila za Kihaya, mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Wala hakuwa amezua. Tamko la Sheria za Mila la 1963 lilisema hivyo hivyo: atumie maisha yake yote, asiuze.

Bernardo alishinda pale Kashasha. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akasema Katiba imekataza ubaguzi, basi. Ninachokipenda ni kwamba hakumpendelea mwanamke hata kidogo. Mwanamume akiuza, ukoo unaruhusiwa kulikomboa shamba kwa kumrudishia mnunuzi fedha yake. Akaamua iwe hivyo hivyo kwa Holaria: mauzo yake ni halali, na ukoo ukilitaka shamba, urudishe fedha.

Mwaka 1999 ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji, inayobatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, watatu lazima wawe wanawake. Sheria, kwa hiyo, tunayo.

Bado nasikia, "binti ataolewa, ardhi itakwenda kwa wageni." Kaka akiuza ekari mbili anunue pikipiki, mbona kikao cha ukoo hakiitwi?

Kwenye kikoba chetu tunakopa tununue mbolea na mbegu, na mbolea yote inaishia kwenye shamba lenye jina la mume. Nikamwambia mwenzangu mmoja kwamba hati ya hakimiliki ya kimila, yaani hati ya shamba la kijijini, inaweza kuandikwa majina yote mawili, la mke na la mume, amshawishi baba watoto waende ofisi ya kijiji. Akacheka, kisha akanyamaza. "Dada, nikianza habari hizo, ataona namwombea kifo."