Yéké Yéké: Mory Kanté aliuza nini Ulaya?

Mwaka 1988 wimbo ulioimbwa Kimandinka ulishika namba 1 kwenye chati ya pamoja ya Ulaya. Ni "Yéké Yéké" wa Mory Kanté wa Guinea, kutoka albamu ya Akwaba Beach ya 1987, na unatajwa kuwa single ya kwanza ya Afrika kuuza nakala zaidi ya milioni 1. Wapo wanaouhesabu kuwa ushindi wa Afrika nzima. Wapo pia wanaosema Kanté, aliye jeli, yaani msanii wa jadi mtunza historia, alikwenda Paris, akaivalisha kora, ala ya nyuzi ya kwao, nguo za disko ili Wazungu wapate kucheza.

Hoja ya hawa wa pili ina uzito. Jeli, ambaye Wafaransa humwita griot, ndiye mtunza historia na nasaba za watu. Kazi yake ni maneno. Ulaya maneno hayo yalipita bila kueleweka, na wimbo wenyewe haukumlazimisha mtu kuyatafuta. Usikilize vizuri: mashine ya ngoma haipumziki, matarumbeta yanaingia kwa kishindo, waitikiaji wa kike wanarudia kiitikio, na kora yenye nyuzi 21 inapenya katikati ya vinanda vya umeme pale inapopewa nafasi.

Lakini anayedai kwamba Paris ndiyo iliyomharibu Kanté anasahau alikotoka. Wazee wake walikuwa wapiga balafoni, aina ya marimba ya mbao. Kora aliijifunza baadaye, kwa hiari yake. Miaka ya 1970 alikuwa Bamako na Rail Band, bendi ya magitaa na matarumbeta iliyopiga kwenye hoteli ya stesheni ya reli, na Salif Keita alipoondoka yeye ndiye aliyeshika nafasi ya mwimbaji. Kisha akahamia Abidjan. Hata "Yéké Yéké" yenyewe alikwisha kuirekodi kabla ya Akwaba Beach. Kuchanganya kulikuwa tabia yake miaka mingi kabla Ulaya haijamjua, na kumtaka abaki na kora peke yake chini ya mti ni kumnyima uhuru ambao mwanamuziki wa London hupewa bila kuulizwa.

Na tukitaja London: mwaka huohuo wa 1987 watu wa kampuni ndogo za santuri walikutana huko kwenye baa wakakubaliana kuuza muziki wa namna hii kwa jina moja, "world music", ili maduka yajue rafu ya kuuweka. Uingereza wimbo wa Kanté haukufika 20 bora. Kule ulikoshinda, yaani Uholanzi, Hispania na kwingineko barani, ulishinda ukishindana na pop ya kawaida redioni na kwenye madisko. Kwangu mimi hilo ni la kujivunia kuliko rafu yoyote ya heshima.

Lawama yangu iko kwingine. Soko liliupenda wimbo, likamwacha mwenyewe. Mwaka 1994 Wajerumani wawili wa kundi la Hardfloor waliufanyia remiksi ya tekno, ukavuma upya kwenye kumbi za dansi kwa vijana ambao wengi wao hawakuwa na haja ya kujua anayeimba ni nani. Mwaka 2004 Kanté alitoa Sabou, albamu ya ala za asili, kora na balafoni zikiwa mbele. Walewale waliolalamika kuhusu disko walikuwa wamepata walichokitaka, na hakuna wimbo wa albamu hiyo uliokaribia chati zile.